Pembe Iliyolia Mara Mbili

Haya nitakayoyasema niliyaona mwenyewe, kwa macho yangu haya mawili, na wakati ule yalikuwa mazuri kuliko sasa. Sikusimuliwa na mtu. Ukimpata mtu wa Kimbwe akakwambia kwamba sikuwapo, ujue yeye ndiye hakuwapo. Shule niliiachia darasa la sita, na nusu ya darasa hilo niliisikilizia dirishani, lakini mambo ya maji hakuna wa kunifundisha. Kwa jembe langu nimewahi kuzibua mfereji ambao wanaume wanne walikuwa wameshindwa kuuzibua, nikarudi nyumbani kabla chai haijapoa. Hilo tuliache. La leo ni la mwanamke mmoja aliyekuwa na fimbo na daftari, na kingine cha maana hakuwa nacho.

Kimbwe ni kijiji cha mlimani, kwetu Upare. Chemchemi iko juu kabisa, na chini ya chemchemi kuna ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo walilolichimba babu zetu. Kazi yake ni hii. Jua likizama, mlinzi wa ndiva huziba tundu lake kwa gogo lililoviringishwa maganda ya mgomba. Maji hukusanyika usiku kucha. Alfajiri mlinzi hutazama yamefika wapi, hupuliza pembe, kisha huchomoa gogo, na maji huteremka kwa zamu: asubuhi mashamba ya juu, mchana ya katikati, alasiri ya chini. Pembe ina sheria yake. Ikilia mara tatu, ndiva imejaa mpaka mdomoni. Ikilia mara mbili, maji yamepungua na kila mtu ajibane. Ikilia mara moja, ndiva ni tope, kila nyumba itoe mtu na jembe. Lakini hizo mbili na hiyo moja tulizijua kwa kuambiwa tu. Katika watu wote waliokuwa hai, hakuna aliyewahi kuisikia pembe ikilia chini ya mara tatu.

Mlinzi wa siku zile aliitwa Zefania. Baba yake alikuwa mlinzi, na baba wa baba yake pia. Alikuwa mtu mwema, mpole hata kwa mbwa wa watu. Nataka mlishike hilo, kwa sababu mfano huu hauna mtu mbaya ndani yake, na hapo ndipo uzito wake ulipo.

Mwanamke aliitwa Nakundwa. Alipokuwa msichana, wamisionari walimwajiri kusoma kipimo cha mvua, mkebe wa shaba uliosimikwa uani kwao. Kila asubuhi saa tatu aliutazama na kuandika. Misheni ilipofungwa, wafanyakazi waliitwa mmoja mmoja wakaambiwa kazi imekwisha: mpishi, fundi seremala, mlinzi wa geti. Yeye walimsahau. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, hakuacha. Miaka ikapita, ule mkebe ukaja kuibwa. Aliyeuiba simjui, ingawa nyumbani kwetu palikuwa na kikombe kizuri sana cha shaba. Nakundwa akakata fimbo, akaitia alama kwa kisu, akahamia ndivani.

Hakuolewa, hakuzaa, hakuwa na shamba ila kitalu cha mboga nyuma ya nyumba. Kila siku alitumbukiza fimbo yake majini, akaandika kimo. Aliandika mvua, upepo, na saa ambayo Zefania alitia gogo. Kisha aliinua jiwe moja bapa pale maji yanapoingilia, akahesabu kaa wadogo wa mtoni waliojificha chini yake, akalirudisha jiwe kama mtu anayemfunika mtoto. Mambo aliyoyaandika nimeyasoma yote. "Leo kaa ni sita. Mmoja amebeba watoto tumboni, nimemrudisha taratibu." "Leo maji yanaingia na sauti ya mtu anayesaga ulezi." Mtu wa kawaida akiona maji huandika maji. Yeye aliandika mpaka ukaona kiu.

Basi mwaka mmoja akaja bwana wa ofisi ambayo siitaji, na gari la miche ya mikaratusi. Alisema mti huu unakua haraka kuliko mtoto, miaka minane tayari ni nguzo. Aliondoka jioni ileile, akatuachia miche tuipande tunapopajua wenyewe. Tukakaa tukafikiri, na kufikiri kwetu ndiko kulikotuponza. Tulisema mti unapenda unyevu, na palipo na unyevu kuliko kwingine kote ni kuizunguka chemchemi. Kila nyumba ilipanda. Eliakimu, mwenyekiti wa kamati ya maji, ndiye aliyepanda mingi. Mimi nilipanda ishirini, na yangu ikawa mirefu kuliko ya mtu yeyote.

Mwaka wa tano Zefania aliamka alfajiri akakuta ndiva haikufika mdomoni. Ilipungua kiasi cha upana wa kiganja. Alisimama na pembe mkononi. Chini yake mteremko mzima ulikuwa ukingoja, nyumba kwa nyumba, majembe mabegani. Akapuliza mara tatu. Siku hiyo, badala ya kungoja jua lizame, alitia gogo saa kumi, na kesho yake ndiva ilikuwa imejaa. Hakudanganya tena. Pembe yake ilisema kweli, ndiva ilijaa kweli. Mwaka uliofuata alikuwa akiziba saa nane. Mwaka wa saba, saa sita mchana.

Mnaelewa alichofanya. Maji yaliyopaswa kuwafikia watu wa chini alasiri aliyazuia ndivani, ili asubuhi watu wote wasikie pembe tatu. Ndivani mchana hakai mtu, kila mmoja yuko shambani kwake, na sote tulijua hali ya maji kwa masikio. Watu wa chini walipolalamika kwamba mifereji yao imekauka, sisi wa juu tulikuwa na jibu. "Nyie mnalala mpaka zamu inawapita," tuliwaambia. "Pembe si mmeisikia?" Walikuwa wameisikia. Wakaanza kuamini wenyewe kwamba ni wavivu.

Nakundwa alimfuata Zefania, akamkuta anakanda udongo wa kuzibia.

"Kaka Zefania, jana umeziba saa sita."

"Asubuhi ndiva ilijaa, haikujaa?"

"Ilijaa."

"Basi, dada yangu, andika kwamba ilijaa."

"Nimeandika. Na saa sita nimeiandika."

Zefania aliendelea kukanda udongo uliokwisha kukandika.

Nakundwa akaenda kwa Eliakimu, akamwambia miti inakunywa chemchemi, ing'olewe ingali michanga. Eliakimu alikuwa mtu wa utani, na utani wake ulikuwa na miba. Alimpa Nakundwa jina la Mama Daftari, na kijiji kizima kikalipokea. Akipita njiani na daftari lake kwapani, walimwuliza, "Mama Daftari, mtoto ameamka?" Naye alijibu bila kusimama, "Ameamka, baba, anaulizia miti yako." Tulicheka. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Alikuwa na haraka, na sisi hatukujua haraka ya nini.

Mimi niliijua kidogo, kwa kuwa sipitwi na jambo. Niliona ile fimbo ya kupimia ameanza kuiegemea. Mwanzoni kwenye mlima tu, halafu hata mahali tambarare. Alikuwa na uvimbe kifuani, chini ya kwapa alikobebea daftari. Zahanati walimwambia kuna miezi, hawakumwambia mingapi. Hakumweleza mtu. Madaftari yake ni kumi na manne, na hakuna ukurasa hata mmoja alioandika kwamba anaumwa. Nadhani alihofia tutasema ni maneno ya mgonjwa. Na tungesema.

Akaomba mkutano wa kijiji. Ulifanyika darasani, Jumapili baada ya ibada, watu wazima tumejikunja kwenye madawati ya watoto. Yeye alikaa mbele, fimbo magotini. Eliakimu alisimama ubaoni.

"Dada yetu," akasema, "tusichoshane, watu hawajala. Swali langu ni moja, na ni jepesi hata kwa mtoto. Asubuhi ya leo ndiva ilijaa au haikujaa?"

Nakundwa akanyanyua uso akasema: "Msiniulize kama ndiva imejaa. Niulizeni imeanza kujazwa saa ngapi."

Darasa likawa kimya. Zefania alikuwa dawati la nyuma, akatazama miguu yake. Kimya kile kingedumu kidogo tu zaidi, nadhani mtu angeuliza. Lakini Eliakimu aliwahi. "Haya," akasema, "asiye na hata mti mmoja anatufundisha kung'oa." Watu wakacheka, wakapata ruhusa ya kusimama. Mimi pia nilicheka, na kicheko changu, kila mtu anakijua, husikika mpaka ng'ambo ya korongo. Tukaenda kula.

Nakundwa alikufa mahindi yalipokuwa kimo cha goti. Siku mbili kabla alikuwa bado anapanda ndivani, kwa kushika vichaka. Tulimzika vizuri. Eliakimu alitoa mbao za jeneza, za mkaratusi, na hakuna aliyethubutu kusema kitu.

Asubuhi baada ya maziko Zefania alikwenda kazini kwake, akaikuta fimbo imeegemezwa ukingoni mwa ndiva, upande wa chemchemi ambako yeye hafiki kila siku, na daftari la kumi na nne limewekwa juu ya jiwe, limefunikwa jani la mgomba lisilowe. Zefania alikuwa hajawahi kulisoma. Alidhani miaka yote lilikuwa likimshtaki. Akalifungua mwisho. Mwandiko ulikuwa umeanza kuyumba. Aliyoyakuta ni haya: "Leo ameziba saa tano. Pembe tatu. Kaa hakuna, siku ya arobaini sasa. Zefania amekonda sana. Anaibeba chemchemi peke yake na haibebeki. Mtu amwambie apumzike."

Alikaa juu ya jiwe lile. Saa tano ikapita gogo likiwa chini. Saa sita ikapita, saa nane, saa kumi. Alasiri ile maji yakateremka mpaka mashamba ya chini kabisa, wanawake wa kule wakatoka na majembe mbiombio, wakidhani mfereji umepasuka. Jua lilipozama, saa ileile aliyofundishwa na baba yake, Zefania akaziba.

Alfajiri maji yalimfika magotini. Akapuliza pembe mara moja. Akapumua. Akapuliza mara ya pili. Kisha akaishusha.

Nimeishi miaka mingi na nimesikia mengi, nimesikia hata simba karibu na choo chetu, lakini sijasikia kitu kizito kama ile ya tatu ambayo haikuja. Mteremko mzima ulisimama. Mama aliyekuwa akichota majivu alibaki na sufuria mkononi. Watoto walinyamaza kwa kuwaona wakubwa wamenyamaza. Eliakimu alitoka nje na povu la sabuni shavu moja, akapanda mbio mpaka ndivani, nami nyuma yake.

"Umekosea kuhesabu, Zefania," alisema. "Malizia."

"Leo sijakosea, mwenyekiti. Nimekosea miaka miwili. Shuka uone mwenyewe."

Eliakimu akavua viatu, akaingia ndivani. Maji yalimwishia hapa, chini ya goti, kwa kuwa alikuwa mrefu. Alisimama humo muda mrefu, povu likimkaukia usoni. Halafu alitoka, hakurudi nyumbani, akaazima shoka nyumba ya kwanza ya njiani. Mti wa kwanza kuanguka ulikuwa wa kwake. Nalisema hilo kwa heshima yake.

Nami nilikata yangu ishirini. Kukata ni kazi ya asubuhi moja, usimwogope mtu anayejisifu kwa kukata. Kazi ni visiki. Mkaratusi ukiukata, kisiki kinachipua. Ukikigeuzia mgongo, kimekuwa miti mitano. Tulivichimba mwaka ule, tukavichimba mwaka uliofuata, na hivi ninavyosimulia kuna kimoja changu ambacho bado kinachipua, kila masika napigana nacho mieleka. Tulirudisha mikuyu na mimea ya porini iliyokuwapo zamani. Mvua ya kwanza hatukuona kitu. Ya pili hatukuona kitu. Ya tatu maji yakapanda kwa upana wa kidole, na mwaka wa sita mwanamke mmoja wa chini, akiinua lile jiwe bapa, akapiga kelele kama aliyeumwa na nyoka. Alikuwa ameona kaa. Mmoja. Tulikwenda kumtazama kwa zamu kama mtoto aliyezaliwa.

Wanawake wa mashamba ya chini ndio wanaoandika sasa, kila nyumba wiki yake. Wako daftari la thelathini na moja. Watu wa vijiji vya upande wa pili wa mlima walikuja wakanakili kurasa, wakaenda kujikatia fimbo zao, na huko nako kuna watu wanaozichukia. Pale uani misheni kikombe cha shaba kimesimikwa tena, kinakinga mvua. Aliyekirudisha simjui, kama nisivyomjua aliyekichukua. Pembe siku hizi hulia mara mbili, miaka mingine mara tatu. Hatuzioni aibu zile mbili. Maji hayajarudi yote, na wazee wanasema hayatarudi yote. Zefania alifariki akiwa bado mlinzi, na hakuziba tena kabla ya jua kuzama, hata siku aliyougua.

Mfano wangu ungeishia hapo, nanyi mngesema umepigwa vizuri, na kwa kweli hakuna anayepiga mfano kama mimi toka huku mpaka tambarare. Lakini kuna jambo moja humu nililolitunga, na limekuwa likinikaba kila ninapolisimulia.

Nakundwa hakusema maneno yale darasani. Sauti ilikuwa imeshamkauka siku nyingi. Eliakimu alipouliza swali lake, yeye alilifungua daftari kwenye ukurasa wa wiki ile, akampa mtu aliyekuwa karibu naye, na likazunguka darasa zima mkono kwa mkono, likiwa wazi. Mmoja alisema ameacha miwani nyumbani. Mwingine alisema mwandiko ni mdogo. Maneno nilimtilia mimi kinywani, miaka baadaye, kwa sababu neno lililosemwa mara moja unaweza kudai hukulisikia vizuri. Daftari likanifikia. Macho yangu, nimeshawaambia, yalikuwa mazuri. Nikasoma: saa sita, saa sita, saa tano na nusu. Nikaelewa lote, palepale. Nikampa aliyekaa pembeni yangu.

Wewe je, lilipokufikia, ulimpa nani?